Motakaa ya Mbio Iliyogeuzwa Sadaka

Hotuba kwa waamini na waalimu wa Magu, katika siku za Jubilei



Tumeombwa tuseme juu ya vyombo vya safari na juu ya sadaka. Waliotutangulia wamekwisha kusimulia habari za kuta na kengele na shule. Sisi tumeachiwa magurudumu. Walakini si jambo dogo, maana jimbo letu lilianza kwa miguu. Mapadre Weupe wa kwanza waliondoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878, wakafika ufuoni Kageye, katika nchi hii hii ya Magu, tarehe 30 Desemba ya mwaka ule ule. Ilikuwa safari ya miezi sita na zaidi, na mizigo yao ilichukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Kutoka hapa ufuoni Padre Lourdel na Bruda Amans walivuka ziwa kwa chombo kidogo, wakashuka Buganda mwezi wa Februari 1879, na wenzao wakabaki kuwangoja. Mwaka wa 1883 ikaanzishwa misioni ya Bukumbi. Baadaye ikaja baiskeli ya katekista, kisha pikipiki, kisha motakaa. Na kila chombo nyuma yake palikuwa na mtu fulani aliyetoa, mara nyingi mtu tusiyemjua.

Leo twataka kusema habari za motakaa ambayo haikufika Magu, wala haitafika, na tukiulizwa tutaomba isifike. Ni ile motakaa ya mbio ya Kiingereza, ya zamani, yenye viti viwili. Msistaajabu. Rafiki za parokia zetu walioko Ulaya, na watoto wetu wenyewe wanaofanya kazi huko, hutuuliza mara kwa mara: tutoe nini, na tukitoe namna gani? Na katika nchi ya Uingereza imekuwa desturi ya watu wengine kutoa motakaa yao ya kale, iliyopendwa miaka mingi, iuzwe kwa ajili ya wagonjwa na maskini. Basi yafaa tujue jambo hili lina faida gani kwetu, na lina hatari gani.

Kwanza tuitazame motakaa yenyewe. Katika miaka ya 1945 hata 1949 kiwanda cha MG, katika mji wa Abingdon, kilitengeneza aina iitwayo TC: ndogo, nyembamba, magurudumu yenye waya kama ya baiskeli, kifuniko cha turubai, na taa mbili kubwa mbele kama macho ya bundi. Mwaka wa 1948 watu wa Jaguar walionyesha London motakaa yao XK120, na ile namba 120 ilikuwa ni hesabu ya maili ambazo waliahidi ingekwenda kwa saa moja. Mwaka wa 1961 wakatoa E-Type, ambayo hata leo watu wakiiona njiani husimama kuitazama. Tangu 1962 hata 1980 watu wa MG wakauza MGB zaidi ya 500,000, motakaa ya waalimu na makarani, si ya mabwana wakubwa peke yao.

Sasa ichukueni hiyo mwilete hapa kwetu mwezi wa Aprili. Tumbo lake lapita karibu na ardhi. Pale udongo mweusi wa mbugani unapolowa, hata trekta hufikiri mara mbili. Hiyo motakaa ingekaa kama kiboko aliyelala, na watoto wa shule wangeitoa kwa kamba. Viti ni viwili: mmoja wa dereva na mmoja wa nani? Mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kulala humo. Mfuko mmoja wa mpunga hauingii. Chombo cha namna hii hakikuundwa kwa haja, kiliundwa kwa furaha.

Lakini furaha si dhambi, nasi Wasukuma ni watu wa mwisho kuweza kuidharau. Nani asiyejua Bulabo, pale Kisesa, baada ya sikukuu ya Ekaristi, jinsi Bagika na Bagalu wanavyoshindana kucheza, na jinsi mtu awezavyo kutumia mwaka mzima kufundisha nyoka wake na kutengeneza mavazi yake kwa ajili ya siku chache tu? Na katika miaka ya 1950 Padre David Clement alipoanza kukusanya pale Bujora ngoma za watemi na vyombo vya wazee, wako waliomwona kama mtu anayepoteza wakati. Ngoma ile haipiki ugali. Hata hivyo leo watoto wetu huletwa na waalimu wao kuitazama, wakajua wametoka wapi. Mzee wa Kiingereza aliyeilinda motakaa yake miaka 40, akiifuta kila Jumamosi, akitafuta parafujo yake kwa barua katika miji mitatu, twaweza kumwelewa. Na kwa kuwa twamwelewa, twajua pia kwamba akiitoa ametoa kitu kinachouma. Hajatoa makombo.

Mfano mkubwa wa motakaa kugeuka sadaka haukuanza na mwenye kununua, ulianza na mwenye kutengeneza. William Morris alizaliwa mwaka wa 1877. Hakusoma sana. Akiwa kijana wa miaka kumi na sita hivi, alianza kutengeneza baiskeli nyumbani kwa wazazi wake mjini Oxford, na mtaji wake, kama ilivyozoewa kusimuliwa, ulikuwa pauni 4. Mafundi wetu wa baiskeli walioko sokoni wasikie vizuri: pauni 4 na bisibisi. Mwaka wa 1913 akauza motakaa yake ya kwanza. Herufi MG zatokana na karakana yake, Morris Garages, ambamo msimamizi wake Cecil Kimber alianza kuziunda upya motakaa za kawaida ziwe nyepesi na za mbio. Morris akawa tajiri kupita kiasi, akapewa cheo, akaitwa Lord Nuffield. Hakuwa na mtoto. Basi mali yake akaanza kuigawa.

Mwaka wa 1938 alisikia habari ya mashine ya kuwapumulia wagonjwa waliopooza kifua kwa ugonjwa wa polio. Ilikuwa ya mbao, aina iliyobuniwa na ndugu wawili wa Australia, nyepesi na rahisi kuliko zile za chuma zilizotangulia. Morris akaamuru sehemu ya kiwanda chake cha motakaa itengeneze mashine hizo, akatangaza kwamba hospitali yo yote katika milki ya Kiingereza itakayoomba itapewa moja bure. Zikatengenezwa na kugawanywa zaidi ya 1,700. Waganga wengine walinung'unika kwamba hospitali ndogo zitapewa kitu wasichojua kukitumia, na manung'uniko hayo hayakuwa ya upuzi kabisa, tutayarudia. Lakini walikuwako watoto walioendelea kuvuta pumzi.

Kisha mwaka wa 1943 akaweka mfuko uitwao Nuffield Foundation, akautia hisa za kampuni yake ya motakaa zenye thamani ya pauni milioni 10. Waalimu, hapa ndipo habari inapofika kwenu. Mfuko huo, pamoja na Wizara ya Makoloni ya Uingereza, ulituma watu mwaka wa 1951 kuchungua elimu ya Waafrika: kundi moja Afrika ya Magharibi, na kundi la pili, chini ya Bwana Binns, Afrika ya Mashariki na ya Kati, na Tanganyika ikiwamo. Mwaka wa 1952 mambo waliyoyaona yakajadiliwa Cambridge, na mwaka wa 1953 kitabu kikatolewa. Wako watakaosema mashauri yale yalikuwa ya wakoloni, na yaliyafikiria mahitaji yetu kwa macho ya wageni. Ni kweli. Walakini jambo la nani afundishe, na afundishwe vipi kabla ya kufundisha, liliwekwa mezani pa wakubwa, na gharama ya safari ile ililipwa kwa faida ya motakaa. Kijana wa Oxford aliyekwenda mbio na MG yake siku ya Jumapili hakujua kwamba pauni aliyolipa dukani ingefika mpaka kwenye madarasa ya Tanganyika. Hakuna aliyemwuliza.

Kiwanda cha Abingdon kilifungwa mwaka wa 1980, na Bwana Morris mwenyewe alikufa mwaka wa 1963. Mfuko bado uko, na kazi yake kubwa hata leo ni elimu na hali ya maisha ya watu.

Mfano wa pili ni wa juzi. Vijana wetu wameona sinema za yule mpelelezi wa Kiingereza, James Bond, wala hatuwalaumu, mradi wamefika darasani kesho yake. Kwa sinema iliyotoka mwaka wa 2015 kampuni ya Aston Martin iliunda motakaa 10 tu za aina iitwayo DB10. Tarehe 18 Februari 2016 moja kati yao ikanadiwa London katika nyumba ya mnada ya Christie's, ikapata pauni 2,434,500, na fedha zikakusudiwa kwa Madaktari Wasio na Mipaka na mashirika mengine ya huruma. Ajabu yake ni hii: motakaa ile haikuwa na ruhusa ya kutembea katika barabara za umma. Mtu alilipa zaidi ya pauni milioni mbili kwa motakaa isiyoweza kumpeleka sokoni. Na wakati ule ule, tangu mwaka uliotangulia, Madaktari hao walikuwa wakiwatibu wakimbizi wa Burundi huko Kigoma, kwa majirani zetu. Hatusemi kwamba shilingi iliyotoka katika motakaa ile ndiyo iliyonunua dripu ya Nduta. Fedha zikiingia mfuko mmoja hazina alama. Twasema tu kwamba chombo kisichokwenda po pote kiliweza kwenda mbali.

Sasa yuko mtu katika kusanyiko hili anayesema moyoni: haya ni maneno ya kuwapendeza matajiri. Mtu acheze na motakaa yake miaka 40, mwisho aichoke, aitoe, kisha sisi tumpigie makofi? Swali hili ni la haki. Injili ya Yohane yasimulia jinsi Mariamu wa Bethania alivyompaka Bwana miguu kwa marhamu ya thamani, na jinsi Yuda alivyouliza kwa nini haikuuzwa kwa dinari 300 wapewe maskini. Mara nyingi tumesikia mahubiri juu ya Mariamu. Lakini Mwinjili aongeza neno kuhusu Yuda ambalo wahazini wote wa parokia wangelisoma kila mwezi: yeye ndiye aliyeshika mfuko, na alikuwa akichukua vilivyotiwa humo. Bwana hakumkemea mwenye kitu kizuri. Aliyetiwa mashakani ni mwenye kushika mfuko.

Basi na tuitazame mikono inayopokea. Mwezi wa Desemba 1964 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita alikwenda Bombay, kwenye Kongamano la Ekaristi. Alikuwa akitembezwa katika motakaa nyeupe ya fahari, Lincoln, zawadi kutoka Marekani. Alipoondoka aliiacha kwa Mama Teresa wa Kalkuta, imsaidie katika kazi yake. Mama Teresa hakupanda. Angaliweza kusema ni zawadi ya Papa, haiuzwi, akaijengea banda. Watu wote wangemsifu kwa uchaji. Badala yake aliitia katika bahati nasibu, tikiti zikauzwa, na fedha zikaenda kwa wenye ukoma, kusaidia kijiji chao. Miaka minne baadaye, mwaka wa 1968, masista wake wa kwanza kuja Afrika walifika Tabora, mlango wa pili kutoka kwetu, na hawakuja kwa Lincoln. Tena mwaka wa 2017 Baba Mtakatifu Fransisko alipewa motakaa ya mbio ya Kiitalia, Lamborghini, akaibariki, akatia sahihi yake juu yake, na mwaka uliofuata ikanadiwa kwa zaidi ya euro 700,000. Sehemu kubwa ilikusudiwa kujenga tena nyumba za Wakristo wa Ninawi katika Iraki. Yeye aliendelea na motakaa yake ndogo.

Tuwajibu basi rafiki zetu waulizao. Jibu letu la kwanza ni: iuzeni huko huko, kisha mtume thamani yake. Sababu si kiburi. Motakaa iliyokwisha kuwa kuukuu ikiingizwa Tanzania hutozwa ushuru zaidi kwa ajili ya umri wake, juu ya kodi nyingine. Kenya haipokei kabisa zile zilizopita miaka minane. Lakini huko kwao umri ndio thamani: kinachotozwa faini kwetu ndicho kinacholipiwa kwao. Tena wauzao huko wana faida nyingine. Serikali ya Uingereza, mtu alipaye kodi akikipa chama cha huruma fedha, huongeza peni 25 juu ya kila pauni. Na mtu akiwa na kitu badala ya fedha, chama chaweza kumwuzia kwa niaba yake, naye akitoa mapato yale, nyongeza hiyo hupatikana. Ni karatasi tu, lakini karatasi hiyo ni robo nzima juu ya sadaka. Huko Marekani walikuwa na ugonjwa wao: watu walitoa motakaa mbovu, wakajiandikia wenyewe thamani kubwa ili wapunguziwe kodi. Tangu mwaka wa 2005 sheria yawaambia, kwa motakaa zaidi ya dola 500 inayouzwa na chama, mtoaji ahesabiwe kile kilichopatikana mnadani, wala si kile alichokiota. Twaipenda sheria hiyo. Ingefaa hata katika harambee zetu, pale mtu anapoahidi ng'ombe kwa sauti kubwa, na siku ya kuleta twaona ndama.

Jibu la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa latuhusu sisi. Katika kigango kimoja, ambacho hatukitaji, iko motakaa chini ya mwembe. Ililetwa kutoka ng'ambo kwa mapendo ya kweli. Siku ilipofika ngoma zilipigwa, mama wakatandika kanga njiani. Iliwabeba wagonjwa, iliwabeba maharusi, ilibeba saruji na mbuzi na kwaya. Baadaye kitu kimoja cha breki kikavunjika, kidogo, cha kushikika kiganjani. Mwanza hakikupatikana, wala Nairobi; kuagiza Ulaya kungegharimu zaidi ya sadaka ya miezi miwili. Wakangoja. Mtu akaazima betri. Mwingine akaazima magurudumu. Sasa kuku hutaga mayai juu ya kiti cha dereva, na mtoaji huko ng'ambo angali na picha ya siku ile ya ngoma juu ya meza yake. Hapa ndipo tunapoyakumbuka manung'uniko ya wale waganga wa mwaka 1938: kutoa mashine si kutoa uponyaji. Aliyetoa hakukosa. Lakini hakuna aliyeuliza, kabla ya ngoma kupigwa, petroli ya mwezi wa saba italipwa na nani.

Wamisionari wenyewe walijifunza jambo hili kwa machozi. Mwaka wa 1925 Padre mmoja Mjerumani, Otto Fuhrmann, alikufa kwa ugonjwa katika nchi iitwayo sasa Namibia, mbali na hospitali, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kumfikisha upesi. Rafiki yake Padre Paul Schulte, aliyekuwa rubani katika vita ya kwanza, akaanzisha mwaka wa 1927 chama kiitwacho MIVA, cha kuwapatia wamisionari vyombo vya safari, nchi kavu, majini na angani. Tawi la Austria lina desturi moja tunayoipenda kuliko minada yote tuliyoitaja. Dereva wa kawaida, wa lori au wa teksi, hutoa sehemu ya kumi ya senti moja kwa kila kilometa aliyokwenda bila ajali. Waalimu, wapeni watoto hesabu hiyo: kilometa 10,000 ni euro 10. Kwa senti hizo za shukrani zimenunuliwa motakaa, pikipiki, baiskeli, mitumbwi, hata wanyama wa kubeba mizigo pale ambapo gurudumu halipiti. Chombo hununuliwa kwa kuitazama njia ya mahali penyewe.

Na njia ya mahali petu je? Ng'ambo ya ghuba, Sengerema, na kule Shinyanga, ndiko ulikoanzia mpango uitwao m-mama, ambao mwaka wa 2022 Serikali ilitangaza kuueneza nchi nzima. Mama akipatwa na hatari ya uzazi, simu hupigwa namba 115 bila malipo. Kama gari la wagonjwa halipo karibu, huitwa dereva wa kijiji aliyekwisha kuandikishwa, humpeleka hospitali, naye hulipwa ujira wake. Fikirini jinsi akili hiyo ilivyo nzuri. Hawakungoja kila zahanati ipate motakaa yake. Waliziona motakaa zilizopo tayari vijijini, za wauza samaki na wabeba abiria, wakalipia safari. Kwa hiyo rafiki yetu wa Uingereza akiuza MG yake, si lazima fedha zile zinunue motakaa nyingine ya kuzeekea chini ya mwembe wetu. Zaweza kuwa safari. Mzee asiyeweza kufika kliniki ya macho, mtoto mwenye kifafa, mgonjwa wa kutoka kisiwani anayeshuka mtumbwini saa nane usiku: wote hao namba 115 haikuwekwa kwa ajili yao, na kwao ndiko mfuko wetu ungefaa.

Twasema "mfuko wetu", kwa kuwa hatuwezi kuandika barua Ulaya tukiwa mikono mitupu. Waulizao watauliza pia: ninyi mmetoa nini? Babu zetu walilima pamba, wakajenga shule kwa pamba hiyo kabla ya msaada wo wote kufika. Sisi tunao vijana wa bodaboda, wengi kuliko makatekista, waalimu na kwaya wakijumlishwa. Wengine huwasema vibaya. Lakini usiku wa manane tukiugua, hatumpigii hodi mwenye kuwasema vibaya. Twampigia hodi yeye. Kwa hiyo tumeshauriana na baadhi yao, nao wamekubali jambo hili: kila jioni atakayerudi nyumbani salama, yeye na abiria wake wote, aweke shilingi 50. Tukipata madereva 100, ni shilingi 5,000 kwa jioni, na kwa siku 26 za kazi ni shilingi 130,000. Si fedha za Christie's. Ni petroli ya safari kadhaa za Mwanza, kilometa 60 na kitu, kwenda na kurudi, na ni jibu la kumwandikia mzee wa Kiingereza.

Fedha hizo zitakaa benki kwa jina la parokia, sahihi tatu, moja ya mwanamke. Kila mwezi hesabu itabandikwa mlangoni pa kanisa, ndani ya kioo, kwa herufi ambazo hata mtoto wa darasa la nne ataweza kuzisoma kwa sauti: zilizoingia, zilizotoka, nani alisafirishwa kwenda wapi, pasipo kutaja ugonjwa wake. Nakala yake itatumwa kwa kila aliyetoa ng'ambo, awe ametoa pauni elfu au pauni tano. Waalimu wa hesabu tunawaomba wawili wajitolee kuikagua, na wasiwe ndugu wa mhazini.

Daftari la kwanza liko mezani kwa katibu, karibu na mlango wa sakristia, na limekwisha kupigwa mistari. Dominika ijayo baada ya Misa ya pili madereva wabaki chini ya miti na pikipiki zao, wasiziondoe; Baba Paroko atazibariki, kisha tutachagua wa kushika mfuko. Waje na kofia zao za chuma, zote mbili, ya dereva na ya abiria.